Tamu Juu ya Kali

Litungu la Wakurya lina nyuzi 8. Bakuli lake huchongwa kwenye gogo, hufunikwa ngozi, kisha husimamishiwa mikono miwili inayobeba mti wa kukingama ambako nyuzi hufungwa. Zamani nyuzi hizo zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni. Mgeni anayelisikia kwa mara ya kwanza Tarime au Mugumu, hasa kama amelelewa na magitaa laini ya muziki wa dansi, anaweza kudhani chombo kina kasoro, maana kila uzi unapoguswa sauti hutoka na mkwaruzo ubavuni. Kasoro haipo. Fundi ameutafuta mkwaruzo huo, na siku akiukosa hana amani mpaka aurudishe. Juu ya mkwaruzo anaimba. Uchukue wimbo wenyewe, uupige mluzi ukiwa njiani kwenda mnadani, utaona ni mwepesi kiasi kwamba mtoto anaushika.

Sikio lililokulia hapo lina mwanzo mzuri kwa muziki mmoja wa mbali ambao wengi hawaupi hata dakika moja: pop-panki. Wanausikia kwenye filamu au kwenye simu ya mtoto, magitaa yanaunguruma, mtu anaimba puani, wanazima. Mimi nimeusikiliza kwa muda mrefu, na kadiri nilivyousikiliza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba chini ya zile kelele kuna watu wenye nidhamu ya ajabu.

Ukiuliza pop-panki ni nini, wengi watakueleza mavazi: kaptula pana, soksi ndefu, ubao wa magurudumu, nywele zilizosimama. (Huku kwetu panki iko zaidi kwa kinyozi kuliko redioni.) Wapenzi wa panki ngumu watakuambia kwa dharau kwamba ni panki iliyouzwa madukani. Yana ukweli kidogo maelezo hayo, ila hayakusaidii kuutambua wimbo ukiusikia gizani, bila picha na bila jina la bendi. Muziki hutambulika kwa kazi ya mikono na koo. Basi tuitazame kazi.

Tuanze na mkono wa kushoto wa mpiga gitaa. Mkoa wa Mara ni nchi ya kwaya: kuna Wasabato, Wakatoliki, na Wamennonite waliofungua misheni yao ya kwanza Shirati mwaka 1934. Kwa hiyo nikizungumza kwa do-re-mi sidhani kama nitamwacha mtu nyuma. Kodi kamili ya gitaa ina noti 3: do, mi na so. Katika hizo, mi ndiyo yenye habari. Ikikaa mahali pake, kodi inachangamka. Ukiishusha nusu hatua, kodi ileile inaingiwa na huzuni. Mpiga gitaa wa pop-panki anaiacha mi. Anapiga do na so, pengine na do ya juu yake, vidole vikiwa vimeshika umbo moja, na umbo hilo zima analisogeza huku na huku kwenye shingo ya gitaa.

Wanaomdharau husema huo ni uvivu, kwamba hajui kodi kamili. Ngoja kwanza. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake huipasua sauti, na sauti iliyopasuka haibaki na zile noti ulizopiga peke yake. Mitetemo yake inajumlishana na kutoana, inazaliwa mingine ambayo hakuna kidole kilichoigusa. Do na so zikipasuliwa pamoja huzaa noti zinazopatana nazo, hivyo kodi inavimba na kujaa chumba. Itie mi humo ndani, zile noti za ziada zinaanza kugombana na gitaa linageuka uji. Kwa hiyo aliyeiacha mi ameiacha kwa sababu anajua amplifaya yake inataka nini.

Kuna faida nyingine, na kwangu mimi hii ndiyo kiini cha fani nzima. Gitaa likishanyamaza kuhusu furaha na huzuni, uamuzi unabaki mdomoni mwa mwimbaji. Yeye ndiye atakayeileta mi. Akiiimba juu, ukuta wote wa magitaa unachangamka. Akiishusha, ukuta uleule unalia, ingawa mpiga gitaa hajabadilisha chochote. Ndiyo maana nyimbo hizi zinaweza kuwa za mtu aliyeachwa na mpenzi wake na bado watu wakarukaruka. Sauti nyororo ya mtu mmoja inauongoza mzigo mzito wa umeme kwa noti moja aliyoachiwa.

Kodi zenyewe ni chache mno. All the Small Things ya Blink-182, wimbo wa mwaka 1999 uliozunguka dunia, unatembea juu ya kodi za do, fa na so, zile tatu ambazo mpiga gitaa wa kanisani hufundishwa kabla ya nyingine zote. Dammit, wimbo wao wa 1997, unaongeza ya la. Basket Case ya Green Day ina mwendo wa kodi unaofanana sana na Canon ya Johann Pachelbel, Mjerumani aliyefariki mwaka 1706, ile inayopigwa kwenye harusi bibi harusi akiingia. Sidhani kama kuna aibu hapo. Litungu lina nyuzi 8 tu, na hakuna mtu Tarime aliyewahi kuomba liongezwe ya 9 ili nyimbo zipatikane.

Mkono wa kulia ndio unaochosha. Bendi ya Ramones ilianzishwa mwaka 1974 kule Queens, New York, na mpiga gitaa wake, Johnny Ramone, alikuwa na kanuni moja: nyuzi zipigwe kwa kushuka tu. Mpigaji wa kawaida hushuka na kupanda, kwa sababu mkono lazima urudi juu vyovyote vile, basi bora upige ukiwa njiani. Johnny alikataa. Kila pigo la kushuka lina uzito sawa na lililotangulia. La kupanda huwa jepesi kidogo, na wepesi huo, ukirudiwa mara mia, unaufanya wimbo uyumbe. Jaribu kutikisa mkono hivyo kwa kasi ya mapigo 170 au 180 kwa dakika kwa nusu saa, halafu tuzungumze kuhusu uvivu.

Albamu yao ya kwanza ilitoka Aprili 1976. Ilikuwa na nyimbo 14, haikufika nusu saa, na iligharimu kama dola 6,400, fedha ambazo bendi kubwa za wakati ule zingeweza kuzimaliza kabla hazijapata sauti ya dramu. Wengi wanaihesabu kama mwanzo wa panki. Isikilize vizuri, utakuta vijana hao walikuwa wanapenda nyimbo za redio za miaka ya 1960, zile za wasichana watatu wanaoitikia na za Beach Boys wakiimba bahari na magari. Mwaka 1979 walikwenda hadi kwa Phil Spector, prodyuza aliyezitengeneza nyingi za nyimbo hizo za wasichana, akawatengenezea albamu. Kwa hiyo utamu haukuingizwa kwenye panki baadaye na wafanyabiashara. Ulikuwemo tangu siku ya kwanza, umefunikwa na koti la ngozi.

Turudi kwenye mkono wa kulia, maana bado una kazi ya pili. Mpigaji huweka ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na daraja, akapiga huku amezibana. Sauti inatoka fupi, kavu, imezuiliwa. Basket Case inaanza hivyo: gitaa moja lililobanwa na sauti moja ya mwimbaji wa Green Day, Billie Joe Armstrong, bila kishindo chochote. Msikilizaji anajua kuna kitu kimeshikiliwa na anasubiri kiachiliwe. Kiganja kinapoinuka na besi na dramu zinapokuwa zimeingia zote, chumba kinapanuka ghafla. Hakuna kodi mpya iliyoongezwa, wala kasi haikubadilika. Kilichobadilika ni nyama ya kiganja kuondoka kwenye waya. Nimeusikia wimbo huo mara zisizohesabika na bado nafika pale nikiwa nimekaa mkao wa kusubiri, jambo ambalo kwa mtu wa umri wangu si la kujivunia sana.

Uingereza iliitikia haraka. Buzzcocks wa upande wa Manchester walitoa santuri yao ya kwanza Januari 1977 kwa fedha za kukopakopa na lebo waliyoianzisha wenyewe. Pete Shelley, aliyekuja kuwa mwimbaji wao mkuu, aliitumia kasi ya panki kusema mambo ambayo panki wenzake waliyaonea haya: kupenda, kukataliwa, kujua kwamba umempenda usiyepaswa kumpenda. Wengine walikuwa wanaimba kuhusu malkia na serikali. Yeye aliimba kuhusu simu isiyolia. Nyimbo zao ndogondogo zilikusanywa mwaka 1979 kwenye albamu iitwayo Singles Going Steady, na kama ningelazimishwa kumwonyesha mtu fani hii kwa albamu moja, ningempa hiyo.

Mwaka 1978 The Undertones walitoa Teenage Kicks. Hawa walitoka Derry, Ireland ya Kaskazini, mji uliokuwa na askari mitaani na mabomu kwenye taarifa ya habari. Dunia nzima ilitegemea vijana wa Derry waimbe vita. Wao waliimba msichana anayepita mtaani, kwa dakika mbili na nusu. Mtangazaji John Peel wa BBC aliupenda kuliko nyimbo zote alizowahi kucheza. Watu wa Tarime wanalielewa hili bila kuelezwa. Ukisoma magazeti, Tarime ni mapigano ya koo, ng'ombe walioibwa na dhahabu ya Nyamongo. Serikali yenyewe iliitengea Tarime na Rorya mkoa wake wa kipolisi. Ukikaa Sirari jioni ukasikiliza vijana wanazungumza nini, utakuta ni fulani hajajibu ujumbe tangu asubuhi. Inahitaji ujasiri kwa kijana wa mahali penye sifa ya ukali kuimba kitu laini, na pop-panki imejengwa na vijana wa aina hiyo.

Marekani, pwani ya California, kazi iliendelezwa na Descendents. Albamu yao ya mwaka 1982 inaitwa Milo Goes to College, na jina lake ni taarifa tu: mwimbaji wao, Milo Aukerman, alikuwa anaacha bendi kwenda chuo kusoma biolojia. Alisoma kweli, akawa mwanasayansi, na bendi ikawa inamsubiri kati ya maabara na maabara. Nyimbo 15 zinakwisha ndani ya dakika 22 hivi. Mpiga dramu wao, Bill Stevenson, baadaye alikuwa mmoja wa waliofungua studio ya Blasting Room kule Fort Collins, Colorado, ambako bendi nyingi za aina hii zimerekodiwa. Ukifuatilia fani yoyote utamkuta mtu wa namna hiyo, aliyeanza kwa kupiga na akaishia kuwapangia wengine mikrofoni.

Na dramu zinahitaji maneno zaidi ya hayo. Katika muziki wa kawaida wa pop, ngoma ya snea hulia kwenye pigo la 2 na la 4, wewe unapiga makofi hapo. Pop-panki hulikaza jambo hilo mara mbili, snea ikaangukia kila nafasi kati ya mapigo, na kiki, ile ngoma ya mguu, ikawa inakimbia mbele yake. Mpigaji mbaya anaishia hapo, akakimbia mpaka wimbo uishe. Mzuri anajua kuachia. Katikati ya wimbo anakata mwendo kuwa nusu, magitaa yakiendelea kama kawaida, na msikilizaji anahisi kama ardhi imeshuka. Halafu anarudisha kasi kwenye kiitikio. Travis Barker, aliyejiunga na Blink-182 mwaka 1998, alipitia bendi ya gwaride ya shule, na inasikika. Vijiti vyake vinajaza mapengo kwa mizunguko midogo ya snea iliyonyooka kama ya askari, kiasi kwamba nyimbo ambazo zina kodi 3 zinaonekana zina mambo mengi ndani. Mwondoe Barker kwenye Blink-182, utabaki na vijana wawili wanaotaniana.

Besi naipitia haraka, si kwa sababu haina kazi. Mike Dirnt wa Green Day aliubeba mwanzo wa wimbo wa Longview kwa besi inayotembea juu ya dramu, bila gitaa, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema besi ya fani hii ni ya kufuata tu.

Juu ya vyote hivyo kuna koo. Sauti ya pop-panki ni ya ujana, inatoka mbele ya uso na puani, haitafuti kina. Mtu mwenye sauti nzito ya kwaya ya wanaume angeharibu kila kitu, maana sehemu ya chini tayari imejaa magitaa. Sauti nyembamba inapita juu ya ukuta bila kugusana nao. Kwenye kiitikio anaingia wa pili, mara nyingi akiimba hatua ya tatu juu ya wa kwanza, na sasa ile mi iliyokuwa imefichwa inajitokeza waziwazi. Maneno yakiisha wanaimba silabi zisizo na maana, na mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaimba nao. Kiitikio kinapaswa kushikika mara ya kwanza ya kusikia. Hilo halina msamaha. Wimbo wa pop-panki ambao kiitikio chake kinahitaji kuzoeleka umeshindwa, hata kama magitaa ni mazuri.

Watu husahau kwamba uzembe unaosikika humo umetengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Albamu ya Dookie ya Green Day, iliyotoka Februari 1994 chini ya prodyuza Rob Cavallo, ilichanganywa sauti na Jerry Finn. Miaka mitano baadaye Finn huyo huyo ndiye aliyekuwa prodyuza wa Enema of the State ya Blink-182. Sikiliza magitaa ya albamu hizo kwa spika mbili: kuna moja kushoto na jingine kulia, yamepigwa mara mbili kwa mikono, na ili yasikike kama ukuta mmoja ni lazima mpigaji arudie kila pigo palepale alipoliweka mwanzo. Kosa dogo la muda, ukuta unapata ufa. Katikati kumeachwa wazi kwa sauti, snea na besi. Finn alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 39, na jina lake halijulikani kwa wengi walioimba nyimbo alizozisafisha. Dookie ilipita nakala milioni 10 Marekani peke yake. Mwaka huohuo wa 1994 The Offspring walitoa Smash kupitia Epitaph, lebo ndogo iliyoanzishwa na mpiga gitaa wa Bad Religion, nayo ikauza mamilioni bila kampuni kubwa nyuma yake.

Fedha zilileta ugomvi, kama kawaida. Green Day walikuwa wamekulia kwenye ukumbi mmoja wa Berkeley, namba 924 Gilman Street, unaoendeshwa na watu wa kujitolea. Waliposaini na kampuni kubwa, ukumbi uliwafungia mlango, kwa kuwa ulikuwa na sheria dhidi ya bendi za kampuni kubwa. Walirudi kupiga pale mwaka 2015. Mimi katika kesi hiyo nawaelewa wote wawili, lakini swali la nani alikuwa msafi halibadilishi kodi hata moja.

Mpaka wa fani huonekana vizuri zaidi ukimtazama jirani. Nairobi kuna bendi inaitwa Crystal Axis, vijana wa panki, na ni hodari. Wana wimbo kuhusu Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa mali yake binafsi, na mwingine kuhusu Nyayo House, jengo la katikati ya Nairobi ambalo chini yake watu waliteswa wakati wa utawala wa Moi. Kasi ipo, mkwaruzo upo, kiitikio cha kuimba pamoja kipo. Hata hivyo sitawaita pop-panki, na sidhani watalalamika. Kwao kiitikio ni ngumi. Kimekusudiwa uinue mkono, wala hakitafuti kukubembeleza. Chukua nyenzo zilezile, elekeza utamu upande mwingine, umepata fani nyingine.

Mfano wa pili umekaa mpakani kabisa. Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex wa London, alizaliwa Uingereza mwaka 1957 na baba Msomali. Afrika Mashariki, basi, ilikuwa kwenye panki tangu miaka yake ya mwanzo, ingawa ni wachache huku kwetu wanaolitaja jina lake. Albamu ya X-Ray Spex, Germfree Adolescents, ilitoka 1978. Ina saksofoni badala ya gitaa la pili la kupamba, na sauti yake Poly ni kali kama filimbi ya refa. Lakini viitikio! Vinang'aa, vinashikika, vinaimba kuhusu plastiki na maduka kwa furaha inayokuacha ukijiuliza kama anakejeli au anafurahi kweli. Kama kuna mahali panki ilikuwa inajifunza kuwa pop bila kulegea, ni hapo.

Singeli ya Dar es Salaam huwa inaitwa panki ya Tanzania na waandishi wa nje. Kwa kasi, ndiyo. Mapigo yake hufika 200 hadi 300 kwa dakika, na studio kama ya Sisso kule Mburahati zimeipeleka Ulaya. Ila singeli inakimbizwa na kompyuta na ulimi wa MC. Pop-panki inakimbizwa na misuli ya mkono inayoweza kuchoka, na hofu kwamba itachoka ni sehemu ya raha yake.

Yapo maneno pia, na hapo ndipo mtu wa Tarime na Serengeti ana jambo la kusema ambalo mhakiki wa California hana. Nyimbo nyingi za pop-panki zinahusu kutokukua. What's My Age Again? ya Blink-182 ni wimbo mzima wa mtu mwenye miaka 23 anayeambiwa aache utoto. Kwa desturi ya Kikurya swali hilo halina nafasi. Msimu wa jando unafika, mvulana anaingia, anatoka mura, rika lake lina jina, na kuanzia siku hiyo kila mtu anajua amsalimie vipi na amtegemee kwa lipi. Vitongoji vya California havina lango la namna hiyo. Mtu anavuka miaka 18, 21, 30, na hakuna mzee anayemwambia amefika. Pop-panki ni muziki wa watu waliosubiri kuitwa wakubwa na hawakuitwa, wakaamua kulifanyia utani.

Lakini siku hizi lango la jando lenyewe halitoshi. Mura anapita, anapigiwa vigelegele, halafu anakaa. Ng'ombe wa mahari hana, kazi ya mgodini haipati, chuo amemaliza na vyeti viko kwenye bahasha. Kule Mugumu anaona magari ya watalii yakielekea lango la Ikoma asubuhi na kurudi jioni. Ni mtu mzima kwa mila na bado anaomba vocha kwa mama. Hali hiyo, ya kuwa mkubwa nusu katika mji mdogo ambao kila kitu kinaupita, ndiyo hasa California iliyoandikiwa nyimbo hizi. Kijana huyo angepewa gitaa na amplifaya ndogo angekuwa na mada za kutosha albamu mbili.

Paramore wakiongozwa na Hayley Williams, na baadaye Olivia Rodrigo mwaka 2021, wamethibitisha kwamba fani haikuwa mali ya wavulana. Wengi wengine wamevaa mavazi yake bila kufanya kazi yake. Namna yangu ya kuwapima ni rahisi. Naondoa umeme, naimba wimbo na gitaa kavu, taratibu. Kama unaanguka, haukuwa wimbo, ulikuwa kishindo. Halafu nafanya kinyume: nauacha wimbo uleule laini, nauliza kama umepungukiwa kitu bila mkwaruzo na kasi. Kama haukupungukiwa, ulikuwa pop ya kawaida iliyokodishiwa magitaa. Pop-panki ni ule unaosimama kwenye jaribio la kwanza na kulalamika kwenye la pili.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, anza na Singles Going Steady, kisha Milo Goes to College, kisha Dookie. Usitumie spika ya simu. Nusu ya kazi ya magitaa iko kati ya kushoto na kulia, na simu itakunyima. Mara ya kwanza fuata sauti, mara ya pili fuata mkono wa kulia wa mpiga gitaa mpaka uchoke kwa niaba yake. Na kama kesho yake hujikuti unaimba kiitikio hata kimoja ukiwa unapiga mswaki, usijilaumu: fani hii si yako, na litungu lipo.